Nywila kwenye faili la Excel: ipi inasimba na ipi haisimbi

Excel ina sehemu nne ambazo mtumiaji wa kawaida hukutana nazo zikimtaka aandike nywila. Moja tu kati ya hizo husimba faili, yaani hugeuza yaliyomo yote kuwa data isiyosomeka bila nywila hiyo. Tatu zilizobaki huzuia kubadilisha, hazizuii kusoma, na mwenye nia huziondoa kwa dakika chache. Zote nne hutumia neno lilelile la "password" na huleta kisanduku kinachofanana. Ndiyo maana orodha ya mishahara au daftari la wanachama wa SACCOS huweza kutumwa huku na huko, mtumaji akiamini kalifunga, kumbe liko wazi.

Inayosimba inaitwa Encrypt with Password. Wengine huifikia kupitia Save As, kisha Tools, kisha General Options, ambako inaitwa Password to open. Ni kitu kilekile. Chini yake tu kwenye kisanduku hichohicho kuna Password to modify, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Hii nayo huuliza nywila faili linapofunguliwa, lakini pembeni huweka kitufe cha Read Only. Asiyejua nywila anabofya Read Only na kusoma kila kitu. Mbili zilizobaki ni Protect Sheet, inayozuia kuandika kwenye seli, na Protect Workbook Structure, inayozuia kuongeza, kufuta, kubadili majina au kufichua laha, yaani kurasa za ndani ya faili.

Kusimba faili kwenye Windows

1. Hakikisha faili ni la .xlsx, na uweke nakala yake ya awali kando kwa muda. Kama ni la zamani lenye .xls, nenda File, Save As, uchague Excel Workbook. Likiwa na makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), chagua Excel Macro-Enabled Workbook, yaani .xlsm.
2. Bofya File, kisha Info, kisha Protect Workbook, kisha Encrypt with Password.
3. Andika nywila, bofya OK, uirudie, bofya OK tena.
4. Hifadhi kwa Ctrl+S. Usiiruke hatua hii: hadi hapo hakuna kilichosimbwa kwenye diski. Ukifunga bila kuhifadhi, faili linabaki lilivyokuwa.
5. Funga Excel kabisa, fungua faili upya, na uandike nywila kwa mkono badala ya kuibandika. Kama uliikosea mara mbili kwa namna ileile, kwa mfano Caps Lock ilikuwa imewaka, utagundua sasa wakati nakala ya awali bado unayo.

Sababu ya kukataa .xls ni hii. Muundo huo wa Excel 97 hadi 2003 kwa kawaida ulisimba kwa RC4, mbinu ya zamani, yenye ufunguo wa biti 40. Funguo zote zinazowezekana ni kama trilioni 1.1, na kompyuta ya leo inaweza kuzipitia zote bila hata kuigusa nywila yako. Nywila iwe fupi au ndefu, matokeo ni yaleyale. Kuanzia Excel 2007, faili la .xlsx husimbwa kwa AES, mbinu ya kisasa, ya biti 128, na kuanzia Excel 2016 ni biti 256. Zaidi ya hapo, nywila hupitishwa kwenye hesabu ya kuichakata mara 50,000 katika toleo la 2007 na mara 100,000 kuanzia toleo la 2010. Wewe husubiri sehemu ya sekunde. Anayekisia nywila kwa mashine hulipa gharama hiyo kwa kila jaribio.

Kwenye Mac, njia ni File, kisha Passwords. Microsoft yenyewe inaonya kwamba Excel ya Mac ina kikomo cha herufi 15 kwenye nywila, na kwamba faili lililofungwa kwenye Windows kwa nywila ndefu kuliko hapo halitafunguka huko. Kama mhasibu wako anatumia Mac, mwulize mapema.

LibreOffice Calc ni rahisi zaidi: File, Save As, weka tiki kwenye Save with password, bofya Save, andika nywila mara mbili. Kwenye kisanduku hicho kuna sehemu ya Options yenye nywila nyingine ya kuruhusu kuhariri. Hiyo ni ndugu wa Password to modify na haisimbi chochote. Faili la .ods limekuwa likisimbwa kwa AES ya biti 256 tangu LibreOffice 3.5 ya mwaka 2012. Toleo la 24.8 la mwaka 2024 liliongeza Argon2id, mbinu inayokula kumbukumbu nyingi kwa makusudi ili kumchosha anayekisia. Ubaya wake ni kwamba LibreOffice za miaka ya nyuma haziwezi kufungua faili la namna hiyo, kwa hiyo kabla ya kutuma tawini, uliza wana toleo gani.

Google Sheets haina nywila ya kufungulia faili. Ulinzi wake ni akaunti: nani kapewa ruhusa na nani hakupewa. Ile Protect sheets and ranges huzuia kuhariri tu. Ukishiriki kiungo kwa kila mwenye nacho, laha "iliyolindwa" inasomwa na kila atakayekipata.

Kuhakikisha faili limesimbwa

Tengeneza nakala ya faili, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Open with, kisha Notepad. Faili la .xlsx lisilosimbwa ni kifurushi cha zip, na herufi zake mbili za kwanza ni PK. Ukiona PK mwanzoni, halijasimbwa, hata kama Excel inakuuliza nywila unapolifungua. Lililosimbwa huanza na alama za ajabu, ya kwanza ikiwa Ð na ya pili Ï. Sasa tafuta kwa Ctrl+F neno spinCount, yaani idadi ya mara nywila inavyochakatwa. Ikiwa faili lilisimbwa na Excel 2010 au ya baadaye, katikati ya takataka zote hizo utakuta maandishi yanayosomeka vizuri: spinCount="100000", cipherAlgorithm="AES", keyBits="256" (au "128" kwa matoleo ya kabla ya 2016). Hayo ni maelezo ya kufuli, si ya yaliyomo ndani, na kuonekana kwake si kosa. Funga Notepad bila kuhifadhi. Jaribio hili halifai kwa .xls, maana hilo huanza na Ð Ï likiwa limesimbwa au halijasimbwa.

Jina la faili halisimbwi. "Mishahara_waliofukuzwa_Juni.xlsx" linasema mengi kabla halijafunguliwa.

Kwa nini Protect Sheet haifichi kitu

Chukua nakala ya faili lako lenye laha iliyolindwa, ubadili mwisho wa jina kutoka .xlsx kuwa .zip, ulifungue. Ndani kuna folda ya xl, na ndani yake worksheets, na humo sheet1.xml. Ni maandishi matupu. Mahali fulani ndani yake kuna kipande kinachoanza na <sheetProtection na kuishia na />. Nywila yako iko humo katika sura iliyochakatwa, lakini haina haja ya kukisiwa: kipande hicho kikifutwa na faili likafungwa tena, ulinzi umeondoka. Zaidi ya hayo, tarakimu ziko wazi kwa yeyote aliyefika hapo, na kwa kawaida hata safari hiyo si ya lazima. Laha iliyolindwa huruhusu kuchagua seli, kwa hiyo Ctrl+A, Ctrl+C na kubandika kwenye faili jipya kunatosha.

Isiachwe lakini, kwani ina kazi yake, nayo ni kuzuia fomula zisifutwe kwa bahati mbaya na anayeingiza takwimu. Chagua seli ambazo watu wanatakiwa kujaza, bonyeza Ctrl+1, nenda Protection, ondoa tiki kwenye Locked. Kisha Review, Protect Sheet. Mpangilio huu huwachanganya wengi kwa sababu seli zote huzaliwa zikiwa Locked. Ukilinda laha bila kuzifungua zile za kujazwa, hakuna atakayeweza kuandika popote.

Laha zilizofichwa ni hatari kubwa kuliko hiyo. Tarehe 8 Agosti 2023, polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa lahajedwali ambalo ndani yake kulikuwa na laha iliyofichwa yenye majina ya askari na watumishi wao wote, watu 9,483. Faili likawekwa mtandaoni. Mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa iliwatoza faini ya pauni 750,000. Hakuna aliyevunja kufuli lolote hapo.

Jedwali egemeo, lile la PivotTable, lina mtego wa aina hiyohiyo. Huhifadhi ndani yake nakala ya data nzima lilikotengenezwa. Ukifuta laha ya mishahara ya kila mtu na kubakiza jedwali la jumla kwa idara, mpokeaji anaweza kubofya mara mbili kwenye jumla moja na Excel ikamfungulia laha mpya yenye safu za wahusika mmoja mmoja. Viungo kati ya mafaili navyo huvuja: faili lisilosimbwa lenye fomula zinazovuta kutoka kwenye faili lililosimbwa hubaki na thamani za mwisho zilizovutwa, na hizo husomeka. Kwa taarifa ya kutoa nje ya ofisi, njia salama ni kufungua faili jipya tupu, kunakili seli unazotaka tu, na kubandika kwa Paste Special, Values. Kisha pitia File, Info, Check for Issues, Inspect Document.

Nywila yenyewe

AES ya biti 256 haivunjwi kwa kukisia ufunguo. Kinachokisiwa ni nywila, na mkisiaji hafanyi hivyo kwenye dirisha la Excel. Huchukua nakala ya faili, hutoa maelezo ya kufuli, hulisha programu kama hashcat inayotumia kadi ya michoro. Hakuna kikomo cha majaribio, hakuna kufungiwa akaunti, na wewe hutajua.

Tuchukulie majaribio 10,000 kwa sekunde kwa faili la Excel ya kisasa, kiwango ambacho kadi moja nzuri ya michoro hukifikia. Tarehe ya kuzaliwa kwa tarakimu 8, ukihesabu siku zote za miaka 100, ni kama nywila 36,500: chini ya sekunde 4. PIN ya tarakimu 6: sekunde 100. Namba ya simu inayoanza na 07 ina tarakimu 8 zisizojulikana, yaani uwezekano milioni 100: chini ya saa 3. Jina la taasisi pamoja na mwaka na alama ya mshangao halihitaji hesabu, liko kwenye orodha za kwanza kabisa za kujaribiwa. Methali nazo ziacheni. "Habanahabahujazakibaba" ina herufi 22 na inaonekana ndefu, lakini ni kitu kimoja tu kwenye orodha ya misemo inayojulikana.

Kinachofaa ni maneno matano yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu halisi, si yaliyokujia kichwani. Orodha za Diceware zina maneno 7,776, na kila neno huchaguliwa kwa kurusha dadu mara tano. Maneno matano hutoa uwezekano wa takriban 28 ikifuatiwa na sifuri 18. Hata mwenye kadi 100 za michoro, kwa kiwango kile, angehitaji miaka zaidi ya 900,000 kuzipitia zote. Kitu kama ngalawa-sahani-tanuru-mbayuwayu-kikoi kinaandikika na kinakaririka (huu ni mfano tu, umeshachapishwa, usiutumie). Kwa anayetumia Mac yenye kikomo cha herufi 15, tumia herufi na tarakimu 15 za nasibu zilizotengenezwa na programu ya kutunza nywila. KeePassXC ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti, na hutengeneza aina zote mbili.

Ukiisahau, Microsoft hawawezi kukusaidia, kwa sababu nywila hawanayo. Wana zana iitwayo DocRecrypt, lakini hiyo lazima idara ya TEHAMA iwe imeiandaa kabla faili halijasimbwa. Kwa ofisi ndogo, nywila ikae kwenye KeePassXC na nakala yake kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, na angalau watu wawili wawe na njia ya kuifikia, tuseme mwenyekiti na mhasibu. Faili la michango ya wanachama 400 lenye nywila ya mtu mmoja aliyelazwa hospitali ni faili lililopotea.

Nakala zilizobaki wazi

Kusimba faili la leo hakugusi nakala za jana. Tafuta jina la faili kwenye folda ya Downloads, kwenye Recycle Bin, kwenye barua pepe zilizotumwa, kwenye folda ya nyaraka za WhatsApp, na kwenye flashi. OneDrive na SharePoint huhifadhi historia ya matoleo, kwa hiyo toleo la kabla ya nywila bado linafunguka kutoka Version History. Futa matoleo hayo, au anzisha faili jipya lililosimbwa tangu mwanzo na ufute la zamani pamoja na historia yake. Kuhifadhi kama CSV au kutoa PDF huacha nywila nyuma kimyakimya; faili jipya linazaliwa wazi.

Kutuma

Faili na nywila visipite njia moja. Faili likienda kwa barua pepe, nywila isomwe kwa simu, neno kwa neno. Kutuma vyote kwenye gumzo moja la WhatsApp ni sawa na kutosimba, maana atakayeishika simu ile atapata vyote viwili.

Mafaili yakiwa mengi, tumia 7-Zip. Yachague yote, kitufe cha kulia, 7-Zip, Add to archive. Weka Archive format kuwa 7z, andika nywila, na uweke tiki kwenye Encrypt file names ili hata majina yasionekane. Ukilazimika kutumia zip, badilisha Encryption method kutoka ZipCrypto kuwa AES-256. ZipCrypto ina udhaifu ambao Biham na Kocher, wataalamu wa usimbaji, waliueleza mwaka 1994: anayejua sehemu ndogo tu ya yaliyomo anaweza kufungua vilivyobaki bila nywila. Mpokeaji atoe faili kwa Extract badala ya kulibofya ndani ya 7-Zip, kwani kubofya hutengeneza nakala wazi kwenye folda ya muda ambayo huweza kubaki huko. Baadhi ya seva za barua pepe huzuia viambatisho vilivyosimbwa kwa kuwa haziwezi kuvikagua virusi. Thibitisha kwa simu kwamba kimefika.

Kwa walioko Kenya, jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 taarifa za watu zinapovuja kwa namna ya kuwadhuru, lakini inaruhusu kutowaarifu wahusika wenyewe ikiwa data ilikuwa na kinga ya kutosha kama vile usimbaji. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa azilinde.

Nywila ikikataa

Kabla ya kukata tamaa, angalia kibodi. Caps Lock kwanza, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. Kisha lugha ya kibodi kwenye kona ya chini kulia: kompyuta nyingi za Burundi na Kongo zina mpangilio wa Kifaransa, ambako A na Q zimebadilishana nafasi na tarakimu za juu huhitaji Shift. Nywila iliyoandikwa Dar es Salaam kwa mpangilio wa Marekani huweza kutoka tofauti kabisa Bujumbura kwa vidole vilevile. Iandike kwanza kwenye Notepad uione, kisha futa. Kwenye simu, kibodi hupenda kuanza na herufi kubwa. Na nywila iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe huweza kuja na nafasi tupu mwishoni, isiyoonekana.

Mifumo mingine, kama ile ya benki ya kupakia malipo, inaweza kulikataa faili lililosimbwa, na watu wawili hawawezi kulihariri kwa wakati mmoja kupitia OneDrive. Tengeneza nakala rudufu pia: faili lililosimbwa likiharibika, zana za ukarabati hazina cha kuokoteza.

Kuondoa nywila, rudi File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password, futa nukta zote, OK, kisha Ctrl+S. Kuibadilisha ni njia hiyohiyo, ukiandika mpya badala ya kuacha wazi. Ibadilishe kila mara mtu aliyekuwa anaijua anapoondoka kazini, ukijua kwamba nakala aliyokwisha kuichukua itaendelea kufunguka kwa nywila ya zamani. Kwa hiyo faili la mwaka mpya lisibebe safu za miaka mitano iliyopita. Zigawe kwa mwaka, kila faili na nywila yake.